Koroboi na Shahidi Mtoto

Tuseme wezi wamevamia nyumba usiku huko Butiama. Koroboi inawaka, na mtoto wa miaka 9 anasema: "Ni yule, nilimwona."

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilionya kuwa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu. Upimwe mwanga, umbali, muda, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla.

Zamani hakimu, awe Musoma au Bunda, alimhoji kwanza mtoto kama anaelewa kiapo. Akikosea, ushahidi uliweza kufutwa kwenye rufani. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa: asiyezidi miaka 14 aweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli.

Naafiki. Lakini mtoto mkweli naye huweza kufananisha. Mimi ningeuliza kwanza koroboi ilikuwa wapi, hata kama shahidi ni mzee mwenye mvi.