Dhana ya Mkosi katika Historia ya Klabu za Soka za Mkoa wa Mwanza, 1990–2024

Utangulizi

Katika muda wa miaka minne, Mkoa wa Mwanza ulipoteza klabu nne zilizokuwa zikishiriki Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Toto African ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2016/17. Alliance na Mbao zilishuka kwa pamoja mwaka 2020. Gwambina, iliyopanda mwaka huohuo na kuchezea katika uwanja wake wa Misungwi, ilishuka mwaka 2021 baada ya msimu mmoja tu. Kabla ya hizo zote, Pamba, ambayo ndiyo klabu yenye historia kubwa zaidi mkoani, ilikuwa imeshuka tangu mwaka 2001. Hivyo basi, kuanzia msimu wa 2021/22 hadi ule wa 2023/24, mkoa wenye mojawapo ya majiji makubwa kabisa nchini haukuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu.

Mfululizo wa namna hii hutafutiwa jina, na jina linalosikika zaidi vijiweni ni mkosi. Wapo wasemao laana, na wapo wasemao gundu au nuksi. Maelezo haya hayatolewi kwa mzaha tu. Kuanzia Kirumba jijini hadi Kigongo, kijiji cha Wilaya ya Misungwi ambako kwa miongo mingi wasafiri wa Sengerema, Geita na Bukoba walisubiri kivuko cha kwenda Busisi, watu wenye busara zao huweza kueleza kwa utulivu kwamba timu za kanda hii “zimefungwa”. Makala haya hayana lengo la kuthibitisha wala kukanusha imani hiyo. Yanachunguza ni wakati gani katika historia ya mkoa maelezo ya mkosi hupata nguvu, na yanatetea hoja kwamba wakati huo ni ule ambao klabu imepoteza mlezi wake na wanachama hawana tena mtu wa kumuuliza.

Ndumba na mkosi

Wataalamu wengi walioandika kuhusu ushirikina katika soka la Tanzania wameshughulikia ndumba, yaani matendo yanayofanywa kwa ajili ya mchezo fulani. Anne Leseth (1997), kwa mfano, alionesha jinsi shughuli hizo zilivyo sehemu ya maandalizi ya timu sawa na mazoezi na kambi. Katika lugha ya klabu, wahusika huitwa kwa staha “kamati ya ufundi”, jina ambalo mgeni angeweza kudhani linahusu makocha. Mwaka 2003 Chama cha Soka Tanzania (FAT) kiliwatoza faini Simba na Yanga kwa vitendo vya aina hiyo uwanjani. Hata baada ya hapo, klabu kadhaa zimeadhibiwa kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi, kwa hofu ya kile kinachoaminika kuwa kimewekwa kwenye mlango uliopangwa.

Mkosi ni jambo jingine. Ndumba ina mtendaji, siku na shabaha, ilhali mkosi ni hali inayodaiwa kuikalia klabu kwa miaka, aghalabu bila mtendaji anayetajwa waziwazi. Tofauti hii ni muhimu kwa mwanahistoria. Klabu zote, zishindazo na zishindwazo, zimetuhumiwa kwa ndumba, tena zile mbili zilizoongoza kwa mataji ndizo zilizotuhumiwa zaidi. Lakini mkosi husemwa juu ya walioanguka peke yao. Kwa hiyo hauwezi kuchukuliwa kuwa sababu ya anguko kabla ya kuulizwa ni nani aliyeanza kuutaja, na baada ya tukio gani.

Evans-Pritchard (1937) aliandika kuhusu Waazande kwamba ghala linapowaangukia watu waliokaa kivulini, wenyeji wanajua fika kuwa mchwa wamekula nguzo. Uchawi hauondoi mchwa katika maelezo yao. Unajibu swali la kwa nini ghala lianguke saa ileile na juu ya watu walewale. Mfano huu umenukuliwa mno, pengine kupita kiasi, lakini unafaa kukumbushwa hapa kwa sababu moja: katika soka la Mwanza mchwa wenyewe hawajachunguzwa vya kutosha.

Dawa katika mashindano ya ngoma

Kabla ya soka kufika Usukumani, mashindano ya hadhara yalikuwepo na dawa ilikuwa sehemu yake. Mapokeo ya Wasukuma yanawataja Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19, ambao wafuasi wao ndio asili ya vyama viwili vya wachezaji: Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo mbili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, na mshindi hupatikana kwa kuangalia umati umeelekea wapi. Kila upande huwa na dawa yake ya kuvuta watu. Sikukuu ya Bulabo inayofanyika Bujora, Kisesa, kila mwaka, imeendeleza utaratibu huo hadi leo.

Jambo la kuzingatia ni namna kushindwa kulivyochukuliwa. Kikundi kilichokimbiwa na watazamaji hakikuhesabiwa kuwa kimelaaniwa. Kilihesabiwa kuwa kimezidiwa, na kilijua kimezidiwa na nani. Msimu uliofuata kilitafuta dawa bora, na pamoja na dawa kikatafuta mtindo mpya. Wapo waliocheza na nyoka, wapo waliocheza na nungunungu, wapo waliorusha majembe. Uvumbuzi mwingi katika ngoma za Kisukuma umetokana na hofu ya kukimbiwa na umati. Dawa, kwa maneno mengine, ilikwenda sambamba na juhudi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyejulikana kwa jina na aliyewajibika kwa matokeo.

Upo pia upande wa giza ambao haupaswi kufichwa kwa kusifu utamaduni. Simeon Mesaki (1993), katika utafiti wake wa mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, ameonesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo, sehemu kubwa wakiwa Usukumani na wengi wao wakiwa wanawake wazee. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuwalinda. Kwa mkoa wenye kumbukumbu hiyo, kusema kwamba fulani ameiloga timu si porojo ya kupoteza muda. Labda hiyo ndiyo sababu mazungumzo ya mkosi katika soka hupendelea kutotaja mtu. Kutotaja huko kunawaokoa wazee, lakini pia kunawaokoa viongozi.

Klabu ya Pamba na zao la pamba

Pamba ililelewa na taasisi za zao ililochukulia jina. Ilikuwa klabu ya mkoa ambao uchumi wake, tangu Paul Bomani na wenzake walipounda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, ulisimama juu ya mkulima mdogo, chama cha msingi, kinu cha kuchambulia na bodi ya kuuza nje. Wapenzi wake waliiita TP Lindanda, wakiazima herufi mbili za mwanzo kutoka klabu ya Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 1990 ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Wachezaji kama George Masatu na Hussein Marsha walikulia huko kabla ya kuhamia Simba, na uhamaji wa aina hiyo uliwahi kuwa dalili ya utajiri wa klabu kabla haujawa dalili ya umaskini wake.

Mwaka 1994 sheria ilifungua biashara ya pamba kwa wanunuzi binafsi. Athari zake kwa mkulima zimejadiliwa kwa kirefu na wanauchumi, na si lengo la makala haya kuurudia mjadala huo. Kwa klabu, matokeo yalikuwa rahisi kueleza na magumu kuvumilia. Bodi ilibaki na kazi ya usimamizi bila mapato ya biashara. Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kilijikuta kikishindana na makampuni yenye mitaji, huku madeni yake yakiongezeka. Hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi wapya aliyerithi pamoja na vinu wajibu wa kulipia kambi, nauli na viatu vya wachezaji. Miaka saba baada ya mageuzi hayo, Pamba ikashuka daraja.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapojaribiwa. Endapo mkosi ungekuwa tafsiri ya kawaida ya kushindwa, ungetajwa pia kila Pamba ilipofungwa katika miaka ya 1980. Lakini miaka hiyo kushindwa kulikuwa na anwani. Kulikuwa na meneja wa taasisi, kulikuwa na ofisi, na aliyelalamika aliweza kwenda mlangoni. Baada ya 1994 mlango huo ulifungwa bila tangazo. Hakuna kikao kilichoitishwa kuwaambia wapenzi kwamba mlezi amefilisika na kwamba klabu sasa ni yatima. Anguko lenye chanzo katika sera ya kitaifa lilionekana Kirumba kama mfululizo wa mipira iliyogonga mwamba.

Mfano wa Ivory Coast unasaidia kuliona hili kwa umbali. Nchi hiyo ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1992, kisha ikapita muongo mzima bila taji. Ilisemwa kwamba waganga wa kijiji cha Akradio, walioaminiwa kuchangia ushindi, hawakulipwa walichoahidiwa. Mwaka 2002 waziri wa ulinzi, Moïse Lida Kouassi, alikwenda kuwaomba radhi na kuwapelekea fedha. Mtu anaweza kucheka. Hata hivyo laana ile ilikuwa na umbo la deni: ilijulikana nani anamdai nani, na kwa hiyo iliweza kulipwa. Mkosi wa Mwanza haukupata hata heshima hiyo, ingawa wachezaji na wakulima waliodai haki zao hawakukosekana.

Misimu miwili ya kupungua kwa ligi

Kwa klabu zilizoanguka baadaye, uchunguzi wa kanuni unatoa matokeo ambayo yanashangaza kwa urahisi wake. Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu ilikuwa na timu 20, na uamuzi ulikuwa umefanywa wa kuipunguza. Timu nne zilishuka moja kwa moja, na mbili zaidi zikalazimika kucheza mechi za mchujo. Alliance ilikuwa miongoni mwa zile nne, na Mbao ilipoteza mchujo dhidi ya Ihefu. Msimu uliofuata ligi ilikuwa na timu 18 ikielekea 16, na utaratibu ukawa uleule: nne chini, mbili mchujo. Gwambina ilikuwa katika zile nne, pamoja na Ihefu, JKT Tanzania na Mwadui.

Klabu tatu kati ya nne zilizotajwa mwanzoni mwa makala haya zilianguka, basi, katika misimu miwili ambayo mlango wa kutokea ulikuwa umepanuliwa kwa makusudi. Hilo halimaanishi kwamba zilikuwa timu nzuri. Mbao, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kufungwa na Simba mabao 2–1 mjini Dodoma, ilikuwa imeonesha uwezo wake, lakini uwezo wa fainali moja si uwezo wa misimu minne. Linalodaiwa hapa ni dogo zaidi: kwamba timu changa zisizo na akiba ya fedha zilikutana na ligi inayopungua, na kwamba Mwanza ilikuwa na timu za aina hiyo kuliko timu za aina nyingine. Mwadui ya Shinyanga ilishuka siku zilezile, lakini aliyetazama kutoka Mwanza aliona za kwake tu.

Ulinganisho na Kigongo unafaa kwa mtazamo huu. Basi la timu lililochelewa kivukoni lilichelewa kwa sababu zilizohesabika: idadi ya vivuko, urefu wa foleni, hali ya ziwa. Malalamiko yalikuwa mengi, na kwa kuwa yalikuwa na wa kuyapokea, hatimaye yalijibiwa kwa daraja la takriban kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Klabu za wilaya hiyohiyo na mkoa huohuo hazikuwahi kupata mahali pa kupeleka malalamiko yao kwa namna hiyo.

Pamba ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Mechi zake za mwanzo zilipita bila ushindi, na maneno ya zamani yangeweza kurudi. Lakini Oktoba mwaka huo klabu iliachana na kocha wake, Goran Kopunović, na nafasi yake ikachukuliwa na Fred Felix Minziro, na timu ikabaki katika ligi. Kama uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa kocha ni suala jingine. Kwa historia inayochunguzwa hapa, lenye uzito zaidi ni kwamba klabu ilikuwa tena na mlezi mwenye ofisi, ambaye hesabu zake hukaguliwa kila mwaka na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mlezi wa aina hiyo wapenzi wa Pamba walikuwa hawajawa naye tangu taasisi za pamba zilipowaacha.