Neno "Muda" katika Sheria: Katiba ya Tanzania ya 1965–1977

Katika Kiswahili cha sheria, kitu kuitwa "cha muda" si kusema kwamba ni dhaifu. Leseni ya muda humruhusu mwenye nayo kuifanya shughuli iliyotajwa humo, kwa masharti yake, na amri ya muda ya mahakama humfunga aliyeamriwa mpaka shauri lisikilizwe. Kinachopungua si nguvu bali uhai: chombo cha namna hiyo huzaliwa na kikomo chake. Tatizo huanza pale kikomo kinapoachwa bila tarehe.

Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume, na Muungano ukaanza tarehe 26 Aprili. Katika kipindi cha mpito, Jamhuri mpya ilitakiwa kuongozwa kwa Katiba ya Tanganyika iliyofanyiwa marekebisho. Hati hizo hazikunyamaza kuhusu ukomo. Ndani ya mwaka mmoja Rais, kwa kukubaliana na Makamu wake aliyekuwa mkuu wa serikali ya Zanzibar, alipaswa kuteua Tume na kuitisha Bunge la Katiba. Hapa neno "muda" lilikuwa na kipimo kinachohesabika kwa kalenda.

Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge lilipitisha sheria ya 1965 iliyoahirisha Tume na Bunge la Katiba bila kutaja tarehe nyingine. Mwezi Julai mwaka huohuo ikaja Katiba ya Muda ya Tanzania. Jina lake lilikuwa la unyenyekevu, yaliyomo hayakuwa hivyo. Iliihalalisha dola ya chama kimoja, TANU kwa Tanzania Bara na ASP kwa Zanzibar, na katiba ya TANU yenyewe ikaambatishwa kama jedwali la sheria. Chaguzi za 1965, 1970 na 1975 zilifanyika chini ya waraka huo wa muda. Orodha ya mambo ya Muungano, iliyokuwa na mambo 11 mwaka 1964, ilizidi kurefuka: sarafu iliongezwa 1965, mafuta na gesi asilia 1968. Kwa Mzanzibari aliyeuliza mamlaka fulani yamehamia lini na kwa idhini ya nani, swali hilo halikuwa la msamiati tu.

Wanaisimu wana sababu ya kutua hapa. "Muda" limetokana na Kiarabu *mudda*, na mzizi wake huko una maana ya kunyoosha na kurefusha. Kiswahili kimelichukua kwa maana ya kipindi, kirefu au kifupi, bila kulipa urefu maalumu. Ndiyo maana husemwa "muda mfupi" na "muda mrefu" bila kujipinga. "Mpito" ni neno jingine kabisa. Anayepita anatoka mahali kwenda mahali, na msikilizaji ana haki ya kuuliza aendako. Katiba ya mpito ingeulizwa swali hilo kila mwaka. Katiba ya muda haikulazimika kulijibu.

Jibu lilipokuja, lilikuja kwa haraka isiyolingana na kungoja kulikotangulia. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Machi mwaka huo Rais aliiteua tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, watu walewale waliokuwa wameandaa katiba ya chama. Wabunge waliokuwapo wakageuzwa kuwa Bunge la Katiba, nalo likapitisha Katiba tarehe 25 Aprili 1977. Kazi iliyopangiwa mwaka mmoja ilikuwa imechukua miaka 13, lakini hatua yake ya mwisho haikufika miezi miwili. Wanasheria kadhaa wameuona ushiriki wa wananchi katika hatua hiyo kuwa finyu mno, na ni vigumu kuwapinga.

Tangu hapo Katiba ya 1977 huitwa "ya kudumu", ingawa imefanyiwa marekebisho mara nyingi, na mambo ya Muungano ndani yake yamefikia 22. Tarehe 2 Oktoba 2014 Bunge Maalum lilipitisha nyingine, nayo ikapewa kivumishi kipya: "Inayopendekezwa". Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa.