Glaida na Upepo wa Mavumo Katika Historia ya Sydney

Majaribio ya mwanzo ya kuruka katika pwani ya Sydney yalifanywa kwa vyombo visivyo na injini, na hatari yao kubwa ilikuwa upepo wa mavumo, yaani upepo unaokaza na kulegea kwa ghafla. Lawrence Hargrave alikabiliana nao kwa tahadhari: tarehe 12 Novemba 1894, huko Stanwell Park, kusini mwa jiji, aliinuliwa takriban mita 5 na tiara nne za sanduku zilizofungwa ardhini kwa kamba, akashuka salama. Miaka miwili baadaye Otto Lilienthal, aliyeruka bila kufungwa kamba, aliangushwa na upepo Ujerumani, akafariki tarehe 10 Agosti 1896.

Umbo la tiara za Hargrave lilimwongoza George Augustine Taylor kuunda glaida, yaani ndege inayoteleza hewani bila injini, ambayo yeye na mkewe, Florence, waliirusha tarehe 5 Desemba 1909 kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Narrabeen, ambako upepo wa bahari ulisaidia kuwainua na mchanga laini ukawapokea waliposhuka.

Glaida zilipokua na kuhamia viwanja vya bara kama Camden, hatari ilihamia kwenye kutua. Karibu na ardhi upepo hupunguzwa na miti, majengo na nyasi. Rubani akiingia humo wakati vumo linalegea, kasi ya hewa inayopita juu ya mabawa hushuka, mabawa hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege huporomoka, wala haina injini ya kuirudisha juu. Katika majira ya joto tishio huongezwa na dhoruba ya kusini, inayoweza kugeuza mwelekeo wa upepo wa Sydney kwa dakika chache.

Kutokana na hatari hizo, marubani wa Australia, ambao shirikisho lao la glaida liliundwa mwaka 1949, hufundishwa kushuka kwa kasi isiyopungua mara moja na nusu ya kasi ya chini kabisa ya kubaki hewani, kisha kuongeza nusu ya kasi ya upepo. Ndege inayohitaji kilomita 70 kwa saa ili isiporomoke, katika upepo wa kilomita 40, hushuka kwa kilomita 125. Akiba hiyo ya kasi ndiyo kinga ya rubani, na asiyeiweka hapaswi kutua katika upepo wa mavumo.