Mwendo wa Saa Tatu Kwenda Kuchaji

Ifakara ya utoto wangu ilikuwa na mabanda ya gemu. Televisheni moja, PlayStation moja, benchi la mbao na kundi la watoto tuliotumwa sokoni tukapotelea humo. Umeme ukikatika tulikaa pale pale, maana hela ilishalipwa. Hakuna aliyejiuliza gemu zinatengenezwa na nani. Kwetu zilikuja tu, kama mitumba.

Ndiyo maana habari za Lual Mayen nilizisoma mara mbili.

Wazazi wake walikimbia vita kusini mwa Sudan. Yeye akazaliwa njiani. Dada zake wawili walifia kwenye safari hiyo hiyo. Akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007, wakati wa kuandikishwa wakimbizi, aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake anaitaka. Mama hakumcheka. Aliweka akiba kimya kimya miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia laptopu.

Sasa, umeme je? Kambini haukuwepo. Mayen alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuchaji kwenye intaneti kafe. Na kurudi je? Mtu wa Kilombero aliyezoea shamba la ng'ambo ya mto anajua siku inavyoisha hivyo.

Humo ndani alikutana na Grand Theft Auto: Vice City, ile ya kuiba magari na kupiga risasi. Wengine tungecheza tu, aisee. Yeye, mtoto wa vita, akaanza kuwaza gemu ya amani. Akajifundisha mwenyewe kuandika programu na kuchora, akaunda Salaam. Kwa Kiarabu ni amani. Sisi tumebaki nayo kama maamkizi. Baadaye aliisuka upya: mchezaji ni mkimbizi anayekimbia, nguvu zikimwishia anahitaji maji, chakula, dawa. Wazo lake ni kwamba ukivinunua kwa hela halisi, msaada umfikie mkimbizi halisi.

Desemba 2018 alitunukiwa kwenye The Game Awards, Los Angeles. Wakati huo alishahamia Washington. Waandishi wenzangu wengi huanzia hapo kwenye tuzo. Mimi bado niko kwenye ile miaka mitatu ya mama.

Pasaka nilimsimulia dada yangu, mkulima wa mpunga kule nyumbani. Mwanawe anachora majoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anataka kompyuta. Shemeji kashasema gemu ni uhuni. Dada alisikiliza yote huku akipepeta mchele. Los Angeles wala haikumshtua.

"Kaka," akauliza, "hizo dola mia tatu ni magunia mangapi?"

Nikatoa simu, tukaanza kupiga hesabu.