Kubana matumizi ya maji bila kumhatarisha mtoto

Maji ya bomba tunayotumia Nyahanga, mjini Kahama, yanatoka mbali: yanavutwa Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi. Kiangazi kikikolea na bomba likikauka, kila dumu la lita 20 lina hesabu yake. Tatizo ni kwamba kitu cha kwanza kubanwa huwa ni maji ya kunawa mikono. Hapo usibane, mama.

Familia nzima kunawa kwenye beseni moja si kuokoa maji. Wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake, na mara nyingi wa mwisho ni mtoto. Tengeneza kibuyu chirizi: chukua dumu la lita 3 au 5, toboa tundu dogo karibu na mdomo, lining'inize kwenye mti na ufunge kamba ya kukanyagia kwa mguu. Maji yanatoka kidogo kidogo, na sabuni iwe pembeni. Kikombe kimoja tu kinatosha mikono miwili.

Pa kubana papo. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kudekia au kumwaga chooni. Ya kuoshea mboga mwagia mpapai. Ila maji yaliyofuliwa nepi yamwage chooni, kamwe si bustanini.

Ukihifadhi maji, funika chombo, na pipa lisuguliwe kila wiki ili mbu wasizaliane. Jambo moja kwa sisi tunaoishi karibu na machimbo: usinunue pipa au dumu lililowahi kubeba kemikali, hata likiwa rahisi na limeoshwa. Zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji.

Mtoto akiharisha, sahau kubana. Pakiti moja ya ORS ya kawaida inachanganywa na lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, endelea kumnyonyesha, na mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage, hata kama roho inauma. Dawa ya zinki utapewa kituoni. Anaimeza siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma.

Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunyonya au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, huku ukimpa ORS njiani.