Nyumba za Enzi ya Uhuru na Familia ya Leo

Tutajapo majengo ya urithi wa taifa, mawazo yetu hukimbilia Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja. Ni nadra kuzikumbuka nyumba za miaka ya kwanza ya Uhuru, zenye kuta za saruji, paa bapa na matofali ya matundu ya kupitishia hewa. Nazo zimekwisha timiza nusu karne. Yatupasa kuuliza zibomolewe, au zitengenezwe watu waendelee kukaa humo.

Nyumba hizo zilibeba ahadi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili wananchi wapate makao bora. Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga maghorofa Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Na katika miaka ya 1970 yakainuka majumba ya Michenzani, marefu hata watu wakayaita treni.

Lakini maisha hayatii mchoro. Mchoro ulikadiria baba, mama na watoto. Familia yetu ina bibi, shangazi na mgeni aliyekuja kutibiwa. Kwa hiyo roshani hugeuzwa chumba, na chumba cha chini huwa duka. Hatuwezi kuwalaumu wakazi, ila yafaa tutenganishe badiliko na uharibifu. Nyumba hizo zilisanifiwa kwa hesabu ya jua na upepo. Anthony Almeida, msanifu majengo aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, aliijua vema hesabu hiyo. Azibaye matundu ili apate nafasi ya kitanda hujinunulia joto. Kuta za ndani, jiko, mabomba na nyaya za umeme vyaweza kubadilishwa. Kivuli, njia ya hewa na nguzo zibebazo jengo visiguswe. Na kabla ya rangi, litazamwe paa: maji yakituama hupenya, nondo hushika kutu, nayo saruji hupasuka.

Njia ya kubomoa nayo ipo. Kota za Magomeni, Dar es Salaam, zilibomolewa, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya kwa kaya 644. Wakazi walihitaji makao bora. Hata hivyo, wajukuu hawataiona tena nyumba ya awali.

Sisi wa Ihanda, wilayani Mbozi, hatuna Michenzani. Tuna nyumba za tofali za kuchoma na mabati, na baridi ya nyanda za juu. Matundu yanayomfariji mtu wa pwani yangetutetemesha. Lakini somo ni moja: nyumba ya mzee ipimwe kabla ya kuangushwa. Walimu na wawatoe wanafunzi darasani, wachore nyumba hizo, wawaulize waliozijenga kwa nini dirisha liliwekwa pale. Jibu likipotea, hata atakayetaka kukarabati hatajua aache nini.