Goti Lililochoka

Makanisani mwa Bujumbura, wakati wa mageuzo, waumini hupiga magoti. Wazee wasioweza tena huona haya, kana kwamba wamekosa adabu. Historia yawatetea.

Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza kwamba Jumapili, na katika siku 50 tangu Pasaka hadi Pentekoste, watu wasali wakiwa wamesimama, kwani magoti yalikuwa hasa alama ya toba. Kuabudu Ekaristi kwa magoti kulienea Ulaya katika Zama za Kati, na Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, walikuja Burundi na desturi hiyo. Misale ya Kiroma, chapa ya 2002, yaagiza magoti wakati wa mageuzo, ila yamsamehe mwenye udhaifu wa mwili: asiyepiga magoti na ainame sana padre apigapo goti.

Walimu wenzangu, tuwafafanulie wanafunzi maneno haya. Kupiga goti ni tendo la mara moja. Kupiga magoti ni kudumu katika hali hiyo. Kuinama ni heshima ibakiyo goti likichoka. Mzee ainamaye hakupunguza ibada yake.